Kumi, Nane, Kumi na Mbili

Land Cruiser nyeupe ilikuwa mbele kwa mita mia mbili.

Claudine Kangwa alimgonga Élie begani mara mbili. Maana yake: kaza.

Élie akakaza. Pikipiki yake ya TVS, ile ile anayobebea abiria kila siku katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ililia kama imetukaniwa mama yake, ikapenya kati ya malori. Saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Kasumbalesa ni malori matupu: Howo, Volvo, Scania, foleni isiyo na kichwa wala mkia, yamebeba shaba yetu kwenda kwa wenyewe. Mwenye gari hapo husimama. Mwenye pikipiki hupita.

Redio ndogo ya Motorola ilikohoa ndani ya kitambaa cha kichwa cha Claudine.

"Mwiko, hapa Jiko. Uko wapi?"

"Nyuma yake."

"Asivuke mpaka."

"Najua."

Alijua. Hasira ilikuwa imemkaa kifuani siku tisa, na siku tisa ni nyingi kwa mwanamke ambaye kazi yake inamtaka atabasamu na watu kuanzia alfajiri.

Mbele, lori moja la Howo lilikuwa limepasuka tairi na kuziba njia. Land Cruiser ikajaribu kupita pembeni. Gurudumu la kushoto likazama mtaroni.

Mlango ukafunguka. Mguu ukatoka. Halafu mkono, na ndani ya mkono bastola.

Claudine hakusubiri pikipiki isimame. Aliruka, akaupiga mlango teke kwa kisigino, na mlango ukaubana ule mkono kwenye kiwiko. Bastola ikaanguka kwenye maji machafu. Mwenye mkono alipoinua uso, mdomo wa Glock 19 ulikuwa umeshafika sikioni mwake.

"Bonjour, Monsieur Rademan."

Rademan alikuwa mgeni wa pasipoti tatu. Ufundi wake ulikuwa kuchonga kalibu, yaani vyuma vya kumwagia plastiki ili itoke bakuli. Élie alifungua sanduku lake la aluminiamu pale pale juu ya boneti. Zilikuwamo kalibu mbili, zimelazwa kwenye sponji kama watoto pacha. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kipimo cha maji, si kitu kimoja hata kidogo.

Chuma cha kuchomea chapa, walichokitafuta, hakikuwamo.

Claudine akapekua viti, matairi, tangi, hata soksi za yule bwana. Hakuna.

"Chuma iko wapi?"

Rademan alijifunzia Kiswahili kwenye baa za migodini, akakitumia kwa dharau ile ile aliyojifunzia. Akatabasamu.

"Chuma haisafiri, madame. Chuma iko ku kazi. Kila asubui iko ku kazi."

Claudine akampiga kofi moja. Moja tu. Kisha akamkabidhi kwa wenzake waliofika nyuma na gari lisilo na namba, akapanda tena pikipiki.

Ili mtu aielewe hasira yake, lazima kwanza aielewe meka.

Lubumbashi mahindi hayauzwi kwa kilo. Mizani ni ya wenye pesa. Mama wa sokoni anauza kwa meka, bakuli lenye ujazo unaojulikana, na nyumba nzima inapanga bukari yake, yaani ugali, kwa hesabu hiyo: leo meka moja, Jumapili wageni wakija meka mbili. Mwaka huu Leta, yaani serikali, ilitoa amri, na amri yenyewe ilikuwa nzuri. Kuanzia Jumatatu ijayo, meka isiyo na chapa rasmi hairuhusiwi katika soko lolote. Chapa ni kichwa cha chui na namba saba, inachomwa kwenye plastiki kwa chuma kilichopashwa moto makaani. Chuma hicho kilikuwa kimoja tu katika jimbo zima.

Kikapotea.

Kilipotea ofisini, ofisi gani tuliache. Aliyekipoteza alistaafu mapema, akajenga ghorofa, na watu wakampongeza kwa akili zake za kuweka akiba.

Tangu hapo Patron Guelord Mumba, mwenye depo kubwa ya mahindi kule Kasungami, akawa na meka za chapa kuliko Leta yenyewe. Za aina mbili, kutoka kalibu za Rademan. Kwenye mlango wa nyuma, ambako wakulima wanaleta mahindi, alipimia meka kubwa kuliko halali. Kwenye mlango wa mbele, ambako mama za sokoni wananunua, alipimia ndogo. Zote rangi ya bluu, zote na kichwa cha chui. Ananunua kwa kubwa, anauza kwa ndogo, na katikati pale ndipo nyumba zake zinapoota. Zile ndogo akawauzia pia mama za sokoni, ili wafuate sheria.

Mama Katongo alinunua moja. Mjane, watoto watano, meza yake soko la Kenya iko ubavuni mwa ile ya Claudine. Siku tisa zilizopita mteja mmoja alikwenda kupima upya nyumbani, akarudi na ndugu zake. Mtu akapiga kelele ya mwizi. Umati ulimvunja mkono Mama Katongo, ukaichoma meza yake, na polisi wakamchukua yeye, siyo waliomvunja. Claudine alikuwa anamkingia kichwa kwa sinia wakati huo, na hakuweza kutoa kitambulisho, kwa sababu jasusi akijitaja mbele ya watu mia nne kazi imekwisha.

Hilo ndilo lililomkaa kifuani.

Simu ya Tecno ikatetemeka. Papa Donat, mkuu wa Jiko, kitengo chao cha siri cha Leta.

"Mwanangu, mwamuzi anamuita ule mama saa sita ya leo. Wakimuhukumu, anaenda gereza kuu."

"Tuko na kalibu, Papa."

"Kalibu inaonyesha Rademan anatengeneza bakuli. Kutengeneza bakuli haikatazwe. Bila chuma, chapa ya ile mama ni ya kweli na mwizi ni yeye. Mi nataka chuma, na nataka procès-verbal yenye sinyatire ya Mumba mwenyewe."

Hapo ndipo penye mfupa. Sheria inataka ukaguzi uandikwe papo hapo kwenye hiyo procès-verbal, mbele ya mwenye mali, kwa vipimo vyake na kwa mikono ya watu wake. Mara mbili wakaguzi wenye sare walikwenda Kasungami. Mara mbili Patron aliwaletea viti, soda baridi, na meka halali alizozifungia kabatini kwa ajili ya wageni wa namna hiyo. Mara mbili waliondoka na barua ya kuomba radhi.

"Saa ngapi sasa?" Claudine akauliza.

"Saa moja kasoro robo."

"Depo inafunguliwa saa mbili. Na leo ni zamu yetu."

Papa Donat hakuelewa. Wanaume wa ofisini hawajui mambo ya zamu.

Patron Mumba alizaliwa chini ya meza ya soko. Mama yake aliuza mahindi Kenya miaka thelathini, na alipofariki alimwachia meka ya chuma, ya enameli nyeupe iliyobanduka, mdomo umepinda upande mmoja. Mtoto akawa tajiri, akanunua Prado, akajenga kwa marumaru. Lakini kitu kimoja alichofundishwa na mama yake hakikumtoka: mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku. Ukimkorofisha, siku nzima imefungwa. Kwa hiyo kila asubuhi, awe mgonjwa awe mzima, Patron alishuka mwenyewe dukani, akampimia mteja wa kwanza kwa mkono wake, kwa meka ya mama yake.

Na mama za sokoni waligundua jambo. Mahindi ya mteja wa kwanza yalikuwa yanazaa. Ukinunua meka kumi za kufungua siku, ukifika mezani kwako na ile meka ya bluu unapata kumi na mbili.

Walisema ni baraka ya marehemu.

Waliisema sana. Kwa miezi minane Claudine alikaa pale sokoni akiitwa Mama Plamedie, ingawa hana mtoto anayeitwa Plamedie wala mtoto yeyote, akisikiliza nani kamwacha nani na mchungaji gani kanunua gari gani. Na kila wiki alisikia habari ya mahindi yanayozaa. Alicheka kama wenzake. Hadi siku moja alipoacha kucheka. Usiku ule alijaza maji kwenye meka ya bluu kwa chupa ya maabara, akakuta imepungua sehemu moja katika sita.

Mama za sokoni walikuwa wameiona kweli kwa macho yao, wakaipeleka kanisani.

Kugombania nafasi ya kwanza kulikuwa kumeleta ngumi, kwa hiyo wakapanga zamu. Leo ilikuwa zamu ya Mama Katongo.

Nje ya depo walikuwa wameshafika kama arobaini, wamekalia magunia, wanasengenya kwa sauti. Claudine alipita moja kwa moja hadi mlangoni.

Mama Virginie akasimama. Mwanamke mnene, sauti ya kuita basi. Ni yeye aliyetamka neno mwizi kabla ya wengine.

"We Mama Plamedie, unaenda wapi?"

"Zamu ya Mama Katongo. Mi jirani yake."

"Mwizi haina na zamu."

Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Claudine alihisi Glock ndani ya gunia la akiba alilolifunga kiunoni, ikaja fikra mbaya, akaifukuza.

"Mama Virginie, meka yako weye ulinunua wapi?"

"Apa. Kwa Patron."

"Na Katongo?"

"Apa."

"Basi ngoja kidogo. Tutajua wezi ni wangapi."

Mama Virginie akanyanyua gunia lake. Akasogea.

Saa mbili kamili komeo likavutwa. Depo ilikuwa ukumbi mrefu wa mabati: mlango wa mbele wa kuuzia, mlango wa nyuma wa kununulia, na katikati mlima wa magunia. Kule nyuma wakulima wa Kasungami walikuwa wameshapanga baiskeli zao. Mlinzi mwenye bunduki ya kuwindia alikaa juu ya kigoda, anachokonoa meno.

Patron Mumba akashuka ngazi kwa suti ya bluu na malapa. Mkono wa kulia ameshika meka ya enameli. Mkono wa kushoto fimbo ya kusawazishia, yenye urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, imeviringishiwa kitambaa chekundu chembamba na kufungwa kwa mpira wa baiskeli.

Kamera iliyokuwa kwenye kifungo cha blauzi ya Claudine ilikuwa inaona yote.

"Mama ya leo ni nani?" Patron akauliza.

"Ni mi, Patron. Kumi."

"Karibu, mama. Fungula siku yetu muzuri."

Akapima mwenyewe. Alijaza, akapitisha ile fimbo juu ya mdomo wa meka, mahindi ya ziada yakaanguka, akamimina guniani. Moja. Alifanya taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemwosha mzee. Na kila fimbo ilipogusa mdomo wa enameli ilisema *ti*. Mbili. *Ti*. Tatu. Kitu fulani katika ile sauti kilimkera Claudine, lakini alikuwa anahesabu. Alihesabu kwa sauti, na akina mama nyuma yake wakahesabu naye, maana kuhesabu kwa pamoja ni starehe ya foleni.

"Kumi," ukumbi ukasema.

"Na matabishi," Patron akaongeza, akatupia konzi mbili za ziada.

"Hapana, Patron. Leo siitaki matabishi. Toa."

Watu wakacheka. Nani duniani anakataa nyongeza? Patron akacheka pia, akatoa konzi zake. Zikabaki kumi, si punje zaidi.

Claudine akaweka Tecno sikioni, akajifanya anapigiwa. Akasikitika kwa sauti: umeme umekatika, kinu hakisagi, leo wala kesho. Akamwuliza Patron kama anaweza kumrudishia mahindi yake kwenye mlango wa nyuma kwa bei ya wakulima. Bei ya wakulima ilikuwa ya hasara kwake. Patron, ambaye hakuwahi kukataa hasara ya mtu mwingine, akampigia ukelele shemeji yake anayepima huko nyuma.

"Fils, pokea mahindi ya mama."

Fils alikuwa kijeba wa miaka arobaini, masharubu yamechongwa. Alichukua meka ya bluu ya mlango wa nyuma na kupima haraka haraka, akili yake iko kwenye simu yake.

"Nane," akasema.

"Nane ya nini?"

"Meka nane, mama."

"Patron alinipimia kumi sasa hivi. Bantu bote bamehesabu."

"Chapa ndjo inasema, mama. Haiko mi."

Mkulima mmoja mwenye baiskeli akainua kichwa. Halafu wa pili.

Claudine hakupandisha sauti. Aliyarudisha mahindi guniani, akaliburuta gunia sakafuni mita thelathini hadi mlango wa mbele, akachukua meka ya kuuzia kutoka mezani, akamwekea mkononi Fils aliyemfuata nyuma.

"Pima na hii."

"Mama, ile ni ya kuuzia."

"Haiko na chapa?"

"Iko nayo."

"Haiko chapa moya na ile ingine?"

Fils akamtazama Patron. Patron alikuwa amesimama na meka ya mama yake mkononi. Akina mama walikuwa wameshaizunguka meza. Wakulima walikuwa wameacha baiskeli zao. Hakuna kinachojaza nyumba Lubumbashi kama ugomvi wa kipimo.

Fils akapima. Ilipofika nane, sauti yake ikaanza kupungua. Tisa aliinong'ona. Kumi hakuitamka kabisa, wakaitamka akina mama. Na ndani ya gunia bado kulikuwa na mahindi.

"Kumi na moja," wakasema.

"Kumi na mbili."

Gunia likawa tupu.

Kumi. Nane. Kumi na mbili. Mahindi yale yale, chui yule yule.

Kisha Mama Virginie akasema, polepole, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake:

"Kumbe haikukuwa baraka."

"Fungeni mulango," Patron akaamuru.

Wafanyakazi wakafunga, mbele na nyuma. Patron akavua tabasamu.

"Nani alikutuma, mama? Ile chapa ni ya Leta. Mukisema meka yangu inadanganya, mwende museme Leta inadanganya. Mbele ya mwamuzi. Tuone nani atalala gereza."

"Leta ilipoteza chuma yake, Patron." Claudine akatoa kitambulisho, akakiweka mezani kati ya zile meka mbili za bluu. "Mi ndjo nilitumwa kuitafuta."

Mlinzi akanyanyuka na bunduki yake.

Mkono wa Claudine ulizama kwenye lile gunia la akiba kiunoni, ukatoka na Glock.

Risasi moja. Juu.

Bati likatoboka na mlio ukawaziba wote masikio. Mlinzi hakungoja ya pili. Aliilaza bunduki chini na kurudi kwenye kigoda chake kama mwanafunzi. Akina mama hawakukimbia. Mahali pa kukimbilia palikuwa pamefungwa, na sasa walianza kuona faida yake. Mama Virginie alikwenda akaegemeza mgongo wake wote kwenye komeo.

Patron aliona alichokifanya. Alikuwa amejifungia mwenyewe ndani na watu themanini aliowapunja.

"Mwiko, hapa Jiko. Nimesikia mlio."

"Bati tu, Papa."

"Chuma?"

Claudine akaangaza ukumbi. Ilikuwa saa tatu kasoro. Vipimo alikuwa navyo, mashahidi alikuwa nao, lakini chuma kingeweza kuwa popote: ukutani, kisimani, chini ya mlima wa mahindi. Mwamuzi hasubiri mtu kuhamisha mlima.

Patron akarudi nyuma hatua moja. Kati ya vitu vyote vya kushika pale mezani, simu, funguo za Prado, karatasi zake, alikumbatia viwili kifuani: meka ya mama yake na ile fimbo. Viligongana.

*Ti*.

Claudine akaganda.

Amekaa mezani miezi minane. Fimbo ya kusawazishia ni ya mti, siku zote ni ya mti, kwa sababu chuma kinakwaruza mdomo wa meka na enameli inaingia kwenye unga. Kila mama sokoni anajua hilo. Mtoto wa mama wa sokoni anajua hilo kuliko wote.

Chuma iko ku kazi. Kila asubui iko ku kazi.

"Patron," akasema, "fungula ile kitambaa."

"Hii ni ya mama yangu."

"Ya mama yako ilikuwa ya muti. Fungula."

Hakufungua. Claudine alimfuata, akachomoa kisu kidogo cha Opinel kwenye liputa, kitenge alichojifunga, akaukata ule mpira wa baiskeli. Kitambaa chekundu kikajikunjua. Ncha yake ya ndani ilikuwa imeungua kahawia. Chini yake, cheusi kwa masizi, kichwa cha chui. Namba saba.

Mara kumi kilipita mbele ya pua yake, naye alikuwa anahesabu mahindi. Hasira ikapanda hadi machoni. Kwa kitu hiki kilichofungwa kama mtoto mchanga, Mama Katongo alivunjwa mkono.

Kundi likasogea. Mtu akaokota jiwe la kuzuilia mlango. Mkulima mmoja alikuwa ameng'oa pampu ya baiskeli.

"Hapana," Claudine akasema. Hakupiga kelele. "Mulishavunja mukono moya bule. Ya leo tunaandika."

Akaketi juu ya gunia, akatoa fomu na kalamu ya Bic. Aliandika kila kitu: saa, mahali, majina. Kipimo cha kwanza, mpimaji mwenye depo mwenyewe, kumi. Cha pili, mpimaji shemeji yake, nane. Cha tatu, mpimaji yule yule, kumi na mbili. Chuma kimoja cha chapa, kimekutwa mikononi mwa mwenye depo. Mama Virginie alitia saini kama shahidi wa kwanza, kwa mwandiko mkubwa. Kumi na wawili wakamfuata.

Claudine akavuta mfuko wa vielelezo. Chuma kikaingia. Meka ya bluu kubwa ikaingia. Ndogo ikaingia. Akanyoosha mkono kwa meka ya enameli.

"Ile acha," Patron akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Chukua depo. Chukua motoka. Ile haijadanganya muntu."

"Ndjo maana naichukua. Ni shahidi."

"Mama alinilea na ile."

"Alikulea na kipimo ya kweli, Patron. Weye ukarudishia bamama benzake nini?"

Aliitoa mwenyewe. Aliiweka juu ya meza kwa mikono miwili. Halafu akatia saini ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kusoma, machozi yakidondokea suti.

Hakuna aliyemhurumia. Mimi ninayesimulia pia sikumhurumia, na sioni haya.

Élie alipiga mbio za Kasungami hadi mahakamani kwa dakika ishirini na sita, vielelezo mgongoni, Papa Donat, aliyekuwa amefika na wenzake kumchukua Patron, kamkumbatia kiunoni, tai inapepea. Saa tano na nusu karatasi ilikuwa mezani kwa mwamuzi. Saa saba Mama Katongo alitoka nje, mkono kwenye plasta, akauliza kama kuna mtu ana maji.

Alasiri ile ile alirudi sokoni. Watoto wake walimwambia apumzike, akawajibu kwamba amepumzika siku tisa kwa lazima. Mama Virginie alikuwa amemtengenezea meza mpya kwa mbao za boksi, akaipigilia misumari mwenyewe, na hakusema pole, kwa sababu alishindwa aianzie wapi. Akamwekea juu yake meka mpya iliyopimwa kwa maji mbele ya wote, akaondoka amejiinamia.

Wateja wakaja. Wale wale. Kuna aliyerusha tofali siku ile, leo kanyoosha mfuko wake kama hajui kitu.

Mama Katongo alimpimia kwa mkono mmoja. Alijaza, akasawazisha kwa fimbo ya mti, akamimina. Halali kabisa.

Mteja akabaki amefungua mfuko.

"Na matabishi, mama?"

"Matabishi leo haina."

Akamwambia hivyo na aliyefuata, na wa tatu, na wa kumi, bila kukunja uso. Walipokea haki yao kamili, si punje moja zaidi, na walikwenda zao wakiwa wamekosa kitu ambacho sheria haiwezi kumlazimisha mtu akupe.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Claudine, amevaa viatu vya safari.

"Unaenda wapi na mikoba, Mama Plamedie?"

"Likasi. Mutoto anaugua kidogo."

Mama Katongo alimtazama kwa muda mrefu zaidi ya unaohitajika kumtazama jirani. Habari za Kasungami zilikuwa zimeshafika sokoni, tena zimeongezwa chumvi: ilisemekana Mama Plamedie ana bastola mbili. Alipima meka moja, akamimina. Halafu akachota konzi, akatupia. Akachota ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Akachota ya tatu.

"Ya Plamedie hii. Umuambie akule, akomae."

"Atasikia, Mama."

Claudine alikitwika kile kifurushi cha mahindi kichwani. Redio ikakohoa ndani ya kitambaa. Akaizima kwa kidole kimoja, akapita katikati ya meza za nyanya na samaki wakavu, akisalimia kushoto na kulia, hadi liputa lake likachanganyika na maliputa mengine mia.